Namba Mbili Ubavuni mwa Lori

Nikianza tu kusimulia hii najua mtanicheka, na mna haki. Ni habari ya mtoto aliyejiona anajua kusoma kuliko wakubwa wote wa Troyeville, mtaa wetu wa Johannesburg, na ndani yake kuna mahali nalamba chuma kwa ulimi nikitafuta ladha ya theluji. Chekeni sasa hivi, mapema. Huko mbele sitaweza kuwasaidia.

Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama kwenye roboti, taa za barabarani za hapa, nasubiri kuvuka, lori la matofali likashuka mlima, likapita mbele yangu, likaacha ile harufu. Breki zilizoungua. Mama yangu alikuwa msusi, kwa hiyo harufu ya nywele zilizoungua naijua, na ya plastiki naijua. Hii ni nyingine. Ni kama mtu anakaanga sarafu kwenye sufuria kavu na kitambaa kimedondokea humo humo. Roboti ikawa kijani, watu wakavuka, mimi nikabaki. Mwanamke mmoja akaniuliza kwa Kizulu kama naumwa. Nikamwambia hapana, namsubiri rafiki yangu. Uongo haukuwa mkubwa sana, maana kila nikiisikia ile harufu huwa nageuka kuangalia nyuma, kama kuna mtu bado yuko juu ya mzigo.

Rafiki mwenyewe alikuwa Shabani, wa Tanga.

Sisi tulikuwa Wakongo wa Bukavu, chumba kimoja na jiko la kugawana. Papa kule kwao alikuwa dereva wa malori, njia ya Bukavu kwenda Uvira, ile yenye kona ambazo ukikosea unafika chini kabla ya gari. Hapa Joburg alikuwa mlinzi wa duka la vigae. Kutwa nzima anafungulia geti madereva wengine. Alikuwa akirudi nyumbani anakaa kitini na mguu wa kulia unakanyaga sakafu, taratibu, kama kuna pedali. Mimi nilidhani ni baridi.

Barua zikija, Papa alikuwa ananisukumia mimi. Za shule, za kliniki, za mwenye nyumba. "Soma," anasema, "weye ndio macho yetu." Nilikuwa darasa la tano. Watoto wote wa watu wa kwetu walifanya kazi hiyo, Kiingereza tulikizoea shuleni na wazazi wakatuachia, lakini mimi niliifanya kwa mbwembwe. Majirani wakaanza kuja na karatasi zao. Nalipwa magwinya, yale maandazi mazito ya hapa, nakaa kwenye ngazi nimekunja nne, nasoma. Mtaa mzima ukaniita Profesa.

Tatizo la Profesa lilikuwa moja. Neno asilolijua hakusema silijui. Alitunga. Mama mmoja wa ghorofa ya juu aliandikiwa na kliniki aje kupimwa damu bila kula kitu. Mimi nikamsomea aje ameshiba vizuri. Akala ugali na samaki saa kumi na mbili asubuhi, akapanda teksi, akarudishwa. Alivyonitafuta na kiatu mkononi mtaa ulicheka mpaka ukalia. Shabani ndiye aliyenificha nyuma ya jenereta, na kesho yake akaniletea karatasi ya dawa ya mende akasema, "Profesa, hebu nisomee hii, ninywe kabla ya chakula au baada?"

Shabani alikuwa fundi kwenye karakana moja Doornfontein. Pikipiki, jenereta, mashine za kukata majani. Alikuwa kijana mrefu, kichwa kimenyolewa vibaya siku zote kwa sababu alijinyoa mwenyewe bila kioo. Kiswahili chetu cha Bukavu kilimpa raha kubwa. Papa akisema "minakuya" badala ya "ninakuja," yeye anashika kifua kama amechomwa kisu, "Mzee, taratibu, lugha ina mifupa hiyo." Papa anamjibu, "Lugha yenu nyie iko na mafuta mingi, haishikiki." Ndivyo walivyopendana.

Papa alipopata lori moja dogo la zamani, lililochoka lakini linatembea, Shabani ndiye aliyelifufua. Wikiendi Papa akawa anabeba mizigo ya watu wanaohama. Nilimwona baba mwingine kabisa. Alikuwa anaimba akiwasha injini.

Kisha zikaja zile mashine. Mzee mmoja mzungu wa Kensington, mtaa wa ng'ambo ya kilima, alikuwa na kahoteli juu milimani Lesotho, ambako theluji inaanguka kweli. Alinunua pikipiki tatu za theluji, zilizotumika, akazileta kwenye karakana zitengenezwe. Hazina magurudumu. Nyuma zina mkanda mpana wa mpira wenye meno, mbele zina viatu viwili virefu vya kutelezea. Shabani alizunguka ile ya kwanza mara tatu akasema, "Hata kwetu Tanga pikipiki zinatembea bila tairi, ila ni kwa sababu zimeibiwa."

Mimi niliamini kwamba theluji inatoka ndani yake. Sijui nani aliniambia, labda nilijiambia mwenyewe. Siku moja Shabani amekwenda kununua sigara spaza, kiduka cha mtaani, nikainama nikaulamba ule mkanda na chuma chake. Julai, baridi ya asubuhi, chuma kimeganda. Ulimi ukashika. Aliporudi alinikuta nimepiga magoti mbele ya mashine, ulimi nje, machozi yanatiririka, siwezi kuita. Alinimwagia chai yake ya vuguvugu. Hakumwambia mtu. Alichosema ni, "Umeionja? Ina sukari?"

Basi. Jumamosi ya kupeleka ikafika.

Yule mzee alimwambia Papa: nataka zote tatu nyumbani kwangu Kensington kabla ya saa sita, saa sita mimi naondoka na trela langu kwenda milimani. Akaongeza kwamba zikifika vizuri, anatafuta dereva wa kumpandishia vitu huko juu kila baada ya wiki mbili. Dereva wa kudumu. Papa alirudi nyumbani akatoa koti lake la udereva la Bukavu, lile la ngozi lililopasuka kwapa, akamwomba Mama alishone. Mama akamtania, "Unaenda kuoa?" Papa hakucheka. Akasema, "Mama Profesa, ni njia ya mlima. Mimi niko mtu wa mlima."

Siku yenyewe kila kitu kilichelewa. Winchi ya kunyanyulia ilikuwa inatumiwa na wengine. Tulipomaliza kupakia mbili ilikuwa imekaribia saa tano, na moja bado iko chini, na kuna masanduku mawili ya vipuri na injini nzima ya jenereta ambayo mzee alitaka iende pamoja. Safari mbili zisingewahi. Kila mtu pale aliliona hilo na hakuna aliyelisema. Walizing'oa viatu zile mashine, wakazilaza mbili bega kwa bega, wakaweka fremu ya chuma, na ya tatu wakaipandisha juu ya fremu. Masanduku na injini wakavisukumia nyuma kabisa, pembeni mwa mlango. Mkanda mzuri wa kukazia ulikuwa mmoja. Kwingine walifunga kamba.

Papa alizunguka lori. Alikanyaga tairi la nyuma kwa kisigino. Akainama akaangalia spring, akakaa ameinama muda mrefu mpaka nikadhani amepoteza kitu. Aliponyanyuka alijipangusa mikono kwenye koti. Halafu akaniita.

"Profesa. Kuya usome. Hii inabeba kilo ngapi?"

Malori ya nchi hii, upande wa kushoto chini ya mlango, yana namba mbili zimeandikwa kwa rangi. Nikachuchumaa. Ya juu ilikuwa na herufi T, 1950. Ya chini ilikuwa na herufi tatu, GVM, 3150. Sikujua T ni nini wala zile tatu ni nini. Watu wote wa karakana wananiangalia. Nilijisikia kama siku ya kutoa zawadi shuleni. Nikasema moyoni T ni ya tairi, itakuwa mambo ya tairi hayo. Nikachukua ile kubwa, kwa sababu ilikuwa kubwa.

"Elfu tatu mia moja na hamsini," nikasema.

Nikachukua karatasi za zile mashine, kila moja kilo mia mbili sitini. Nikajumlisha hapo hapo kwa chaki kwenye sakafu, mashine, fremu, injini, masanduku, na sisi watatu. Nikapata kama elfu moja na mia tano. Nilikuwa hodari wa kujumlisha. Kutoa nilikuwa nakukwepa. "Papa, hata nusu hatujafika," nikasema. "Tunaweza kupakia na kwaya ya kanisa."

Watu wakacheka. Papa akaniwekea mkono kichwani. "Mmesikia," akawaambia wengine. "Mtoto amesoma."

Shabani alikuwa ameshaweka mguu kwenye tairi apande. Pale karakana ndiyo desturi, mzigo wa juu lazima mtu aukalie, akiona unacheza agonge paa dereva asimame. Akageuka akaniangalia, na siku hiyo uso wake haukuwa na utani.

"Profesa, umesoma vizuri?"

Hapa ndipo ninaporudi kila siku. Ningeweza kusema, sijui hizi herufi, kaka. Maneno matatu manne tu. Nilisema, "Nimesoma vizuri kuliko ulivyonyoa."

Akajishika kichwa, akacheka, akapanda.

Mimi nilikaa mbele na Papa. Kupanda kutoka Troyeville lori liliinua pua. Papa anakata usukani na lori linafikiria kwanza ndipo linakubali. Juu ya vichwa vyetu Shabani alikuwa anapiga paa la lori kwa viganja, mdundo wa harusi za kwao, anaimba maneno yake mwenyewe kuhusu Profesa aliyemlisha mgonjwa ugali. Nilicheka mpaka tumbo likauma. Papa alishika usukani kwa mikono miwili. Jasho lilikuwa linamtoka masikioni, na ilikuwa baridi.

Juu ya kilima tukaanza kushuka upande wa Kensington. Ni barabara iliyonyooka na mwisho wake kuna maduka na roboti. Papa alikanyaga breki, akaachia, akakanyaga. Ndipo harufu ikaingia. Nikamuuliza, "Papa, nini kinaungua?" Akasema, "Shika mlango." Akavuta gia ya chini, injini ikapiga ukelele, lori likapungua kidogo halafu likaendelea kama limesukumwa na mkono. Kule chini roboti ilikuwa nyekundu kwetu. Watu walikuwa wanavuka na mifuko ya Jumamosi, na msichana mmoja alikuwa amesimama katikati anafunga kamba za kiatu cha mdogo wake. Nawaona mpaka leo, kiatu chenyewe kilikuwa cha zambarau.

Papa aliukata usukani kushoto, kwenye kijia kinachopanda. Ilikuwa sahihi, wote walisema baadaye, hata polisi. Lori likalala upande mmoja, likabaki hivyo, likarudi kukaa, na kile kilima kikalisimamisha. Katika kulala kwake nilisikia kamba ikikatika, mlio kama kofi moja. Na ule mdundo juu ya paa ukakoma katikati. Ulikuwa umebakiza pigo moja. Nikatega sikio nikisubiri.

Ile mashine ya juu ilikuwa kando ya ukuta mfupi wa nyumba ya watu, imelala kifudifudi, na Shabani yuko chini yake kuanzia kifuani. Wanaume wa maduka waliikimbilia wakainyanyua pamoja na Papa. Mimi nilishuka, nikakaa chini barabarani pale pale chini ya mlango. Nikageuza shingo, zile namba zilikuwa sawa na macho yangu. 1950. 3150.

Macho ya Shabani yalikuwa wazi. Nilipomfikia alinitafuta mpaka akanipata. "Profesa," alisema, polepole sana, "hii kitu haina theluji hata kidogo." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Siku ya tatu alifia hospitali. Vijana wa Tanga wakamwosha na kumzika siku hiyo hiyo, na mimi nikasimama nyuma ya makaburi na viatu vya shule, sijui kama Mkristo anaruhusiwa kushika udongo. Mmoja akanikamatisha konzi moja ya udongo, akanionyesha pa kuutupia.

Lakini nimeruka kitu. Pale barabarani, kabla ya gari la wagonjwa kuondoka, alikuja polisi mmoja mwanamke na daftari. Kiingereza cha Papa kilikuwa kimemkimbia, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi. Yule polisi hakuwa mkali. Aliangalia mzigo, akaniita kwenye mlango, akaniwekea kidole kwenye namba. Hii ndogo, akasema, ni uzito wa lori lenyewe likiwa tupu. Hii kubwa ni lori pamoja na kila kitu kilichomo, hata dereva na chakula chake cha mchana. Uwezo wa kubeba unaupata ukitoa. Akatoa kichwani mbele yangu. Elfu moja na mia mbili.

"Muulize baba yako," akasema, "alijua linabeba kiasi gani?"

Nikamuuliza Papa kwa Kiswahili. Sikuthubutu kumwangalia. Nilimsubiri aninyooshee kidole, na ningekubali.

Papa akasema, "Mwambie nilijua."

Nikatafsiri. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba baba yangu amedanganya polisi mbele ya watu ili kunifunika mimi. Walimchukua leseni, lori likaondoka, na yule mzee wa Kensington alizipakia mashine zake kwenye trela kimya, na kazi ya mlimani hatukuisikia tena. Papa akarudi kwenye geti la vigae. Nyumbani hakuna aliyelitaja jina la Shabani. Lile koti sikuliona tena.

Mimi niliacha kusoma. Simaanishi shule, hiyo ilikuja baadaye. Niliacha kusomea watu. Jirani akija na barua nasema macho yananiuma. Mama akanipeleka kupimwa, nikasoma herufi za ukutani ovyo makusudi, wakanipa miwani, nikaivaa mwaka mzima, kila kitu nakiona kama kiko chini ya maji. Darasani mwalimu akiniita nisome nafanya vituko, nasoma kwa sauti ya mbuzi, wenzangu wanacheka, ananitoa nje. Nje ndiko nilikotaka. Lakini macho hayakuniachia malori. Kila lori lililosimama nilisoma ubavu wake na kutoa. Mia nane. Elfu nne mia tano. Nikawa hodari wa kutoa kuliko mtoto yeyote wa jimbo la Gauteng. Na mvua ya mawe ikianza kupiga mabati, yale mawe ya mwanzo yanayokuja moja moja, nilikuwa nashusha kichwa chini ya meza nasubiri lile pigo moja lililobaki.

Mwisho wa darasa la saba ilikuja barua ya nafasi ya sekondari. Nikaificha chini ya godoro. Mama akaiona akibadilisha shuka, tarehe ya kujibu imeshapita wiki mbili. Jumapili mchana, baada ya kanisa, Papa akaiweka mezani mbele yangu.

"Soma."

"Siwezi, Papa."

"Soma, mwana."

Ndipo yote yakanitoka. Nilimwambia sikujua T ni nini. Nilimwambia nilichagua namba kubwa kwa sababu watu walikuwa wananiangalia. Nilimwambia Shabani aliniuliza, na mimi nikamtania nywele. Nilimwambia najua alidanganya polisi kwa ajili yangu, na kwamba mtu kama mimi hafai kupewa karatasi yoyote asome. Mama alikuwa amesimama na chanuo mkononi, hakusogea.

Papa akakaa kitini. Mguu wake wa kulia ukakanyaga sakafu, mara moja. Akaichukua barua, akaisogeza mbali kidogo na macho, akaanza kuisoma. Kwa Kiingereza. Polepole, na ulimi wa Kifaransa, anakwama, anarudi nyuma, lakini aliisoma yote, jina langu, jina la shule, tarehe, mpaka sahihi ya chini. Akaikunja.

"Namba haina Kiingereza, mwana," akasema. "Elfu tatu iko elfu tatu hata Bukavu. Mimi nimeendesha lori miaka kumi na mbili, zile spring nilikuwa naziona zimelala. Siku ile ulimwambia polisi nilijua, ulifikiri nakuficha? Nilikuita usome juu ya sababu nilitaka mtu aniambie ndiyo, na kati ya wote pale, weye tu ndiwe hungeweza kuniambia hapana."